Dakika 35 ukingoni mwa Shorty: kisa cha udongo wa rangi ya chungwa mwezini

Harrison Schmitt alikuwa akizunguka karibu na jiwe kubwa ukingoni mwa kreta ya Shorty alipogundua kwamba nyayo zake zimefukua kitu. Juu palikuwa na vumbi la kijivu, lilelile walilokuwa wakilikanyaga tangu watue. Chini yake, pale buti lilipoburuza, palikuwa na rangi nyingine.

Hakushangilia. Kwanza aliuliza mwanga unaakisiwa kutoka wapi, kwa kuwa alikuwa ameshadanganyika mara moja siku hiyo. Alipojiridhisha kwamba si mng'ao wa kitu kingine, ndipo akasema: kuna udongo wa rangi ya chungwa! Mwenzake Eugene Cernan, aliyekuwa akishughulika upande wa gari lao la kutembelea mwezini, akamwambia asiusogeze mpaka aje auone. Kisha Cernan akapandisha kile kioo cha dhahabu kinachokinga macho na jua, akatazama tena. Rangi ilikuwa palepale. Akawaambia watu wa Houston, kwenye kituo cha kuongozea safari huko Marekani, kwamba Schmitt hajarukwa na akili, udongo ni wa rangi ya chungwa kweli.

Ilikuwa usiku wa tarehe 12 Desemba 1972 kwa saa za Houston; huku kwetu jua la tarehe 13 lilikuwa limeshachomoza. Safari ilikuwa ya Apollo 17, ya mwisho kupeleka watu mwezini katika mradi ule. Schmitt alikuwa mwanajiolojia, mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Harvard aliyoipata mwaka 1964. Kabla yake walikuwa wametembea mwezini watu 11, wote wakiwa marubani waliofundishwa jiolojia. Yeye alikuwa mwanajiolojia aliyefundishwa urubani.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, na karibu kila msimulizi huishia kwenye ule mshangao: rangi imeonekana, watu wamefurahi, basi. Mimi naona utamu wake unaanza pale mshangao unapoisha. Walikuwa wamebakiwa na muda wa karibu nusu saa mahali pale, na maelezo ambayo Schmitt aliyatoa papo hapo kuhusu udongo ule yalikuja kuonekana hayakuwa sahihi. Hata hivyo sampuli alizorudi nazo zimeendelea kujibu maswali kwa miongo mingi. Hayo mawili yanawezaje kukaa pamoja?

Bonde na ahadi ya Shorty

Chombo chao cha kutua, Challenger, kilishuka tarehe 11 Desemba katika bonde la Taurus-Littrow, kwenye ukingo wa kusini mashariki wa uwanda wa Mare Serenitatis. Ni bonde lililobanwa na milima miwili mikubwa, Massif ya Kusini na Massif ya Kaskazini, ambayo vilele vyake vinapanda mita 2,000 na zaidi kutoka sakafu ya bonde. Mwenzao wa tatu, Ronald Evans, alibaki akizunguka mwezi katika chombo kikuu.

Bonde lilichaguliwa kwa sababu mbili. Milima ingetoa miamba ya kale sana. Sakafu nayo ilikuwa na kitu kilichowasumbua wanasayansi: imefunikwa na vumbi jeusi kuliko kawaida, na juu yake kuna kreta ndogo zenye duara jeusi pembeni. Alfred Worden wa Apollo 15, alipokuwa akizunguka mwezi mwaka 1971, alizitazama kreta za aina hiyo akaona zinafanana na vilima vya majivu vinavyojengwa na volkano. Kama ni kweli, huenda mwezi ulikuwa na volkano changa, iliyolipuka karibuni kwa hesabu za kijiolojia. Hilo lingebadilisha historia yote ya mwezi, maana wakati ule ilishaanza kuaminika kwamba moto wake wa ndani ulizimika zamani mno.

Shorty ilikuwa ndiyo kreta ya kupimia dhana hiyo. Upana wake ni kama mita 110, kina chake mita 14 hivi. Ukingo wake mweusi unaonekana kwa mbali, kwa kuwa umekaa juu ya udongo mweupe ulioporomoka kutoka Massif ya Kusini. Schmitt aliifikia akiwa na swali hilo kichwani, na si yeye peke yake. Kulikuwa na chumba kizima cha wanajiolojia Houston, wakiongozwa na William Muehlberger, waliokuwa wakilisubiri jibu mbele ya televisheni. Msomaji akumbuke jambo hili, kwa maana mtu aliyefika akiwa na njaa ya volkano ndiye huyo aliyeona rangi ya chungwa.

Siku yenyewe ilikuwa ndefu. Jana yake nyundo ya Cernan ilinasa madigadi ya gurudumu la nyuma la kulia la gari lao na kuyavunja. Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini gurudumu lisilo na madigadi mwezini hurusha vumbi juu kama chemchemi, nalo huwaangukia abiria na vifaa. Vumbi la mwezi halijawahi kusagwa na maji wala upepo. Punje zake zina ncha kali, linang'ang'ania nguo, linazima mng'ao wa vioo na kufanya vifaa vipate joto kupita kiasi. Usiku ule watu wa Houston walitafuta dawa, na asubuhi Cernan na Schmitt wakaunganisha ramani nne kwa utepe mpana wa gundi, wakazifunga mahali pa madigadi kwa vibanio vya taa za ndani ya chombo. Zikashika. Bila karatasi zile sidhani kama wangethubutu kwenda mbali vile.

Vumbi lenyewe Schmitt alikuwa amelionja ndani ya chombo. Baada ya matembezi ya kwanza, walipovua kofia, walikuta linanuka kama baruti iliyokwisha kulipuka, na pua yake ikavimba na kuziba kama ya mtu mwenye mzio wa mavumbi ya mauani. Mwanajiolojia wa kwanza mwezini alipata mafua ya mwezi!

Siku ya pili waliendesha mpaka kreta ya Nansen, chini kabisa ya Massif ya Kusini, kilomita zaidi ya saba kutoka kwenye chombo. Hapo walikaa zaidi ya saa moja kwa kuwa mawe yalikuwa mazuri. Wakasimama pia kwenye kreta ya Lara. Saa zile zote zilikuwa zikitoka kwenye mfuko mmoja, na Shorty ndiyo iliyokuja kulipa.

Nusu saa yenyewe

Kulikuwa na sheria isiyojadiliwa: wakati wowote, gari likiharibika, lazima wawe na hewa ya kutosha kurudi kwa miguu mpaka kwenye chombo. Kadiri saa zinavyokwenda ndivyo umbali unaoruhusiwa unavyopungua. Kwa hiyo Robert Parker, mwanaanga mwanasayansi aliyekuwa akizungumza nao kutoka Houston, hakuwa na uwezo wa kuwaongezea muda hata kama chumba kizima cha wanajiolojia kingelia machozi. Kwa jumla walikaa Shorty takriban dakika 35, na udongo ule haukuonekana dakika ya kwanza.

Fikiria sasa hali ya mtu anayetaka kufanya kazi. Vazi limejaa hewa na ni gumu kama tairi. Kila ukikunja kidole unapigana na glavu, na baada ya saa chache misuli ya mkono inauma mpaka kwenye kiwiko. Kupiga magoti ni shida, kwa hiyo kila kifaa kina mpini mrefu. Kamera imefungwa kifuani na haina tundu la kuchungulia. Unageuza mwili mzima kuelekea unachotaka kupiga. Kuchota udongo kunahitaji watu wawili, mmoja ashike kijiko na mwingine afungue kifuko chenye namba. Hakuna nafasi ya kukaa chini, kukuna kichwa na kusema ngoja nifikirie.

Schmitt angeweza kuchota. Dakika mbili, vifuko vitatu vya udongo wa rangi ya chungwa, picha moja, wakapanda gari. Kwa mtu mwenye haraka hiyo ingekuwa kazi iliyokamilika, na dunia ingepata udongo wake wa ajabu.

Badala yake aliwaambia Houston kwamba lazima achimbe mtaro.

Hapo ndipo ninapomwona mwanajiolojia. Mtaro ule mdogo aliukata kukatisha ukanda wa rangi, kutoka kijivu, kupita chungwa, mpaka kijivu cha upande wa pili. Ukanda ulikuwa na upana wa kama mita moja, na mipaka yake ilishuka wima badala ya kulala. Udongo uliomwagika juu hulala kama mchanga uliomwagwa sakafuni. Mpaka uliosimama unasema kitu kingine: ama kuna kitu kimepanda kutoka chini, ama pande kubwa la ardhi limenyanyuliwa na kugeuzwa. Bila mtaro, habari hiyo isingekuwepo. Picha ya mahali pale ipo mpaka leo, na kando ya mtaro kimesimama kile kijiti chenye miguu mitatu walichokuwa wakikitumia kuonyesha wima, mwelekeo wa kivuli na kipimo cha rangi, ili mtu wa maabara aweze kusahihisha rangi za filamu.

Wakachukua sampuli tatu: ya chungwa iliyokuja kupewa namba 74220, na mbili za kijivu kutoka pande zote mbili, 74240 na 74260. Hizo za kijivu ndizo zinazonifurahisha zaidi. Mtu aliyekwisha kuamua anachokiona huchukua kile tu kinachomshangaza. Vumbi la kijivu lilikuwa limejaa mwezi mzima, na kila gramu ililipiwa kwa muda ambao haupo. Lakini bila jirani yake, udongo wa ajabu hauna kwao. Ukiupeleka maabara peke yake, unaweza kusema umetengenezwa na nini, huwezi kusema ulifikaje pale.

Kisha bomba. Walikuwa na mabomba ya chuma ya kupigilia ardhini kwa nyundo, yanayoweza kuunganishwa mawili kwa urefu. Cernan alilipigilia bomba la namna hiyo kwenye ukanda wa rangi, na walipolichomoa, udongo wa ncha ya chini haukuwa wa chungwa wala wa kijivu. Ulikuwa mweusi. Ndani ya bomba lile kulikuwa na karibu sentimita 70 za tabaka, zikiwa katika mpangilio wake. Yeyote aliyewahi kuchimba kisima anajua thamani ya kujua kipi kilikuwa juu ya kipi.

Wakati mikono ikifanya hayo, mdomo wa Schmitt haukunyamaza. Alikuwa akieleza anachokiona na pia anachokidhania. Dhana yake ilikuwa kwamba hapo ni tundu la volkano, na rangi imetokana na mvuke na gesi za moto zilizopita kwenye mwamba na kuubadilisha. Wanajiolojia wameona mambo hayo duniani mahali pengi. Ndani ya kreta ya Reusch, juu ya Kibo, kuna matundu ya namna hiyo yanayotoa mvuke na salfa mpaka leo. Mvuke ukipita, chuma kilichomo kwenye mwamba hushika kutu, na ardhi hupata rangi za manjano, nyekundu na chungwa. Kwa mtu aliyefundishwa duniani, ilikuwa dhana ya kwanza na ya halali. Kama ingekuwa kweli, ingemaanisha mambo mawili makubwa kwa pamoja: volkano ya karibuni, na maji.

Muda ukaisha. Wakakusanya vifaa wakaondoka.

Maabara yakasema vingine

Sampuli zilipofika Houston, kutu haikuonekana. Hapakuwa na madini yaliyobadilishwa na mvuke. Chini ya hadubini, udongo wa rangi ya chungwa ulikuwa shanga: vijidonge vya kioo, vingi vikiwa na kipenyo cha takriban maikromita 40, kama nusu ya unene wa unywele, vingine mviringo kamili kama vimetengenezwa na fundi. Rangi ilitokana na kioo chenyewe, kilichojaa madini ya titani. Oksidi ya titani peke yake ni karibu asilimia 9 ya uzito. Ule weusi wa chini ya bomba ukawa ni shanga hizohizo, zenye kemia ileile, ila zilipoa polepole zaidi, zikapata nafasi ya kujenga fuwele ndogo za madini ya olivini na ilmenaiti ndani yake, zikageuka nyeusi.

Umri ndio uliozima kabisa matumaini ya volkano changa. Vipimo viliangukia kati ya miaka bilioni 3.5 na 3.7. Kreta yenyewe ilikuwa changa, lakini haikuwa volkano. Shorty ni shimo lililochimbwa na jiwe kutoka angani, miaka kama milioni 10 hadi 20 iliyopita.

Kwa hiyo historia ikapangwa upya. Zaidi ya miaka bilioni tatu na nusu iliyopita, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipanda kutoka mamia ya kilomita chini ya mwezi ikiwa imebeba gesi. Ilipokaribia juu gesi ikatanuka, na lava ikaruka kama chemchemi, mfano wa zile zinazoonekana Kilauea kule Hawaii, ila hapa hapakuwa na hewa ya kuzizuia na uvutano ni sehemu moja ya sita tu ya ule wa dunia. Matone yakasambaa mbali, yakaganda yakiwa bado angani, yakaanguka kama mvua ya shanga. Baadaye lava nyingine ikamwagika juu, ikayafunika, ikayakinga na vile vimondo vidogovidogo ambavyo kwa kawaida huchanganya udongo wa mwezi. Yakakaa hivyo mpaka jiwe la Shorty lilipopiga na kutupa pande la tabaka hilo ukingoni, likiwa limesimama upande, mahali ambapo mtu mmoja alikuja kupita akiburuza buti.

Soma tena orodha ya ushahidi uliohitajika kuijenga hadithi hii. Mipaka iliyosimama inatoka kwenye mtaro. Tofauti ya chungwa na kijivu inatoka kwenye sampuli za jirani. Uhusiano wa chungwa na weusi unatoka kwenye bomba. Hakuna hata kimoja kilichochukuliwa kwa ajili ya hadithi hii, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaijua. Vyote vilichukuliwa na mtu aliyeamini hadithi nyingine.

Hapo ndipo hukumu yangu juu ya kisa ilipo. Schmitt alikosea kuhusu mvuke na kuhusu umri. Alipatia kuhusu volkano, ingawa siyo kwa njia aliyoidhani. Lakini dhana yake hakuiruhusu ichague cha kubeba. Aliisema kwa sauti, kila mtu akaisikia, kisha mikono ikaendelea kukusanya vitu ambavyo vingeweza kuiua. Nawajua watu wazima wenye vyeo waliokaa miaka ofisini, wenye muda wote wa duniani na kiyoyozi juu yake, ambao hilo limewashinda.

Na lile vumbi jeusi la bonde lililowasumbua wanasayansi tangu mwanzo? Lilikuwa limejaa shanga nyeusi. Jibu lilikuwa chini ya magurudumu yao siku zote tatu.

Kiti kilichokuwa cha mwingine

Uchambuzi huu hautakuwa wa haki nisipomtaja mtu ambaye hakuwepo. Kiti cha Schmitt kilikuwa cha Joe Engle, rubani hodari aliyefanya mazoezi bega kwa bega na Cernan. Schmitt alikuwa amepangiwa njia ambayo ingempeleka Apollo 18. Septemba 1970 safari hiyo ilifutwa, na wanasayansi wakapiga kelele: itakuwaje tunakwenda mwezini mara sita bila kumpeleka hata mwanajiolojia mmoja? Wakubwa wakasikia, Engle akaondolewa, Schmitt akaingia. Engle alikuja kuruka na chombo cha Columbia mwaka 1981, lakini mwezi hakuukanyaga. Kwa mtu aliyejiandaa miaka yote ile, hicho ni kidonda, na mafanikio ya Shorty hayafanyi kisiwe kidonda.

Je, bila mwanajiolojia udongo ule ungeonekana? Nadhani ndiyo. Rangi ilikuwa wazi, na marubani hawakuwa vipofu. David Scott na James Irwin wa Apollo 15, marubani wote wawili, waliokota vioo vya kijani kwenye kreta ya Spur mwaka mmoja kabla, na vioo hivyo vilikuja kuwa ndugu wa shanga za chungwa. Walikuwa wamefundishwa vizuri, na walimu wao wakubwa walikuwa watu kama Leon Silver wa chuo cha Caltech kule California, ambaye Schmitt mwenyewe ndiye aliyemvuta katika kazi hiyo ya kuwapeleka wanaanga jangwani kusoma miamba. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaosimulia kana kwamba marubani walikuwa wakiokota mawe tu kama watoto ufukweni.

Ninachokiona kama tofauti ni namna dakika zilivyotumika. Rubani aliyefundishwa vizuri angeuliza Houston: nifanye nini? Swali lingekwenda, chumba cha nyuma kingejadiliana, Parker angepewa jibu, jibu lingerudi. Hapo dakika tano zimekwenda kati ya thelathini. Schmitt hakuhitaji kuuliza. Mtaro, pande mbili, bomba, picha: ule mfuatano ulikuwa mikononi mwake tangu miaka ya kazi za nyikani, Norway alikosoma kwa mwaka mmoja, na Flagstaff, Arizona, alikofanya kazi chini ya Eugene Shoemaker kwenye kituo cha jiolojia ya anga. Na Cernan naye apewe sifa yake. Neno lake la kwanza aliposikia habari ya rangi lilikuwa kwamba usisogeze kitu. Hilo ni neno la mtu wa nyikani, na lilitoka kwa rubani.

Maji, mwishowe

Sehemu ya mwisho ya kisa ilichukua zaidi ya miaka 35.

Baada ya dhana ya mvuke kuanguka, na kwa kuwa kila sampuli ya Apollo ilionekana kavu, ilikubalika kwamba mwezi hauna maji ndani yake kabisa. Lakini zile shanga zilikuwa zikikumbusha kitu kidogo kisichotulia. Juu ya ngozi yake zilikuwa zimepakwa utando mwembamba sana wa vitu vinavyoruka kwa urahisi kwenye joto: zinki, risasi, salfa, klorini. Maana yake gesi ilikuwepo. Chemchemi ya lava hairuki bila gesi, kama vile soda isiyo na gesi haifoki. Ilikuwa gesi gani?

Mwaka 2008 Alberto Saal wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake walipima shanga za mwezi kwa mitambo ambayo mwaka 1972 haikuwepo, wakakuta maji. Kidogo sana, makumi ya sehemu katika milioni, lakini yalikuwepo, na yalipungua kutoka katikati ya ushanga kwenda pembeni, kama kitu kilichokuwa kikitoroka wakati ushanga ukiganda.

Kisha mwaka 2011 Erik Hauri na wenzake wakaenda kutazama ndani zaidi, kwenye sampuli 74220. Ndani ya baadhi ya shanga za chungwa kuna fuwele za olivini, na ndani ya fuwele hizo kuna vitone vya magma vilivyonaswa kabla ya mlipuko, vikafungwa kama kwenye chupa yenye kizibo. Humo gesi haikupata njia ya kutoka. Walipima maji sehemu 615 hadi 1,410 katika milioni. Ni kiasi kinachokaribiana na kile cha magma nyingi zinazotoka kwenye tabaka la juu la ndani ya dunia yetu. Kwa mwezi uliohesabiwa kuwa mkavu kama mfupa, lilikuwa tetemeko.

Schmitt alikuwa amesimama ukingoni mwa Shorty akidhani rangi ile imetokana na maji. Rangi haikutokana na maji. Maji yalikuwa humo hata hivyo, ndani ya shanga ambazo wakati huo alizijua kama udongo tu, yamefungwa kwenye fuwele ambazo hakuna jicho la mwanadamu lingeweza kuziona kupitia kioo cha kofia.

Miaka minne baadaye, 2015, vitone vilevile vilitumika kutafuta kaboni, nayo ikapatikana. Hesabu zilionyesha kwamba gesi iliyoanza kuisukuma lava juu ilikuwa hasa kaboni monoksaidi, iliyojitenga na magma ikiwa bado chini, kabla hata maji hayajaanza kutoka. Jibu hilo lilipatikana miaka 43 baada ya kifuko kile kufungwa, kutokana na punje chache za udongo wenye uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja, ambao kabati lake Houston bado halijawa tupu.